Pembe, Piano na Kipimo cha Ustaarabu

Maoni ya leo yanahusu uhusiano kati ya ubepari, yaani mfumo wa uchumi ambamo wenye mtaji huzalisha na kuuza kwa ajili ya faida huku walio wengi wakiishi kwa kuuza nguvu zao za kazi, na fikra ya ustaarabu, yaani ile imani kwamba jamii za wanadamu zinaweza kupangwa kwa ngazi, nyingine zikiwa juu na nyingine chini. Mara nyingi mambo haya mawili husimuliwa kana kwamba biashara ilitangulia kufungua njia na ustaarabu ukapita humo. Historia ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 inaonyesha jambo lingine: biashara ileile moja iliwaunganisha watu wa mabara mbalimbali, kisha waliokuwa kwenye upande wa kununua wakajiita wastaarabu, na waliokuwa kwenye upande wa kubeba na kuzalisha wakaitwa washenzi.

Fikra ya ngazi ina wenyewe. Katika karne ya 18, wanafalsafa wa Ufaransa na Uskoti walijaribu kueleza kwa nini jamii hutofautiana, na miongoni mwao alikuwemo Adam Smith, ambaye katika mihadhara yake ya Glasgow ya miaka ya 1760 aligawa historia ya binadamu katika hatua nne, kuanzia uwindaji, ufugaji na kilimo hadi kufikia biashara. Kabla yake, mwaka 1748, Montesquieu alikuwa amedai kwamba biashara hulainisha tabia za watu na kuwapunguzia ukali. Kwa mpango huo soko liliacha kuwa mahali pa kubadilishana bidhaa tu, likawa kipimo cha utu uliokomaa. Ni kweli kwamba Smith mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1776, aliyashutumu makampuni yaliyopewa ukiritimba, yaani haki ya kufanya biashara peke yao, pamoja na dhuluma walizotendewa wenyeji wa nchi zilizotekwa. Lakini waliomfuata waliishika ngazi yake na kuyaacha maonyo yake. Mwaka 1857 mmisionari David Livingstone aliwaambia wasikilizaji wake katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwamba alikuwa anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo.

Njia hiyo, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji na kurudi na pembe za ndovu, na nyuma ya misafara hiyo kulikuwa na mtaji, mikopo na riba. Kampuni ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Zanzibar kutoka kwa Sultani kwa miaka mingi, ikimlipa kiasi kilichokubaliwa na kujikusanyia ushuru; naye Taria Topan, mfanyabiashara mwenye asili ya India, alimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru, walibeba mizigo ya takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa ujira waliopatana kabla ya safari, wakagoma posho ilipopunguzwa na wakaitua mizigo njiani pale mapatano yalipovunjwa. Biashara hiyo haikuwa safi, kwa kuwa mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na utumwa na biashara ya pembe vilisaidiana. Lakini hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba watu hao hawakujua soko, mshahara wala mapatano ya kazi.

Mwendo wa bidhaa zenyewe unaeleza zaidi. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Said bin Sultan walitia saini mkataba wa biashara, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba kilichoitwa merikani, ambacho kilitumika bara kulipia ujira, chakula na hongo za kupita katika nchi za watemi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pamba iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilitoka kwenye mashamba ya kusini mwa nchi hiyo, iliyolimwa na kuchumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Kitambaa hicho kilinunua pembe, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilisafirishwa hadi Connecticut, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo kwa wiki kadhaa hadi zikawa nyeupe, kisha zikabandikwa juu ya vitufe vya piano. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa ni laini kukata. Piano nayo ilikuwa alama ya heshima katika sebule ya familia ya tabaka la kati, na binti aliyeicheza vizuri alihesabiwa kuwa amelelewa vyema. Hivyo chombo kilichotangaza ustaarabu wa nyumba kilifunikwa kwa pembe iliyobebwa mabegani kwa mamia ya kilomita, na kulipiwa kwa kitambaa cha jasho la watumwa. Mtaji uliziunganisha kazi hizo zote, na fikra ya ustaarabu ikazitenganisha tena, ikaipa sebule sifa na kuipa njia ya msafara fedheha.

Mambo yalibadilika pale mtaji wa Ulaya ulipotaka zaidi ya kununua bidhaa, ukataka ardhi na nguvu za kazi zenyewe. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar, na heri ya hatua hiyo kwa walioepushwa na utumwa haina ubishi. Lakini vita dhidi ya utumwa viligeuzwa kuwa kibali cha kutawala. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885 kwa hati iliyoyataka mataifa yenye mamlaka katika bonde la Kongo na maeneo ya jirani kukomesha utumwa na kuboresha hali ya wenyeji. Siku iliyofuata, Kaiza wa Ujerumani aliipa kampuni ya Mjerumani Carl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo ya Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami, kwa msingi wa mikataba ambayo Peters aliikusanya kwa wiki chache tu.

Ustaarabu uliofuata ulikuja na risiti ya kodi. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walidai kodi ya nyumba katika koloni lao la Afrika Mashariki, na wakuu wa utawala walieleza kwamba kodi itawafundisha Waafrika kazi, ingawa vizazi vya Wanyamwezi vilikuwa vimefanya kazi ya ujira kabla Mjerumani yeyote hajakanyaga Tabora. Upungufu uliokuwapo haukuwa wa bidii. Wenye mashamba walikosa watu wasio na njia nyingine ya kuishi. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitaka kupunguza utegemezi wao kwa pamba ya Marekani, na kwa hiyo kuanzia mwaka 1902 wakazi wa kusini mwa koloni hilo walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kwa malipo madogo kiasi kwamba baadhi walikataa kuyapokea. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, waling'oa mashina ya pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Wajerumani walikadiria vifo kuwa 75,000. Makadirio ya baadaye ya wanahistoria yanafika kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mazao kuchomwa. Nchini Kenya, Gavana Henry Belfield alisema wazi mwaka 1913 kwamba kodi ndiyo njia pekee ya kumtoa Mwafrika katika eneo lake akatafute kazi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanaume wa Kiafrika mwenye umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa na kipande, hati iliyoandikwa mwajiri wake na ujira wake, ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma.

Wapo wanaojibu kwamba ubepari huohuo ulileta reli, hospitali na shule, na jibu hilo lina ukweli. Hata Marx na Engels, katika ilani yao ya mwaka 1848, waliusifu uwezo wa ubepari wa kuzalisha kabla ya kuushutumu. Lakini kuwapo kwa reli hakuthibitishi ngazi; kunathibitisha kwamba mali ilihitaji kusafirishwa. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alikigeuza kipimo chenyewe kwa kudai kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alifanya kazi na hakuna aliyemnyonya mwenzake, na kwa hiyo Waafrika hawakuhitaji kufundishwa ujamaa wala demokrasia, na Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, alieleza mwaka 1972 kwamba utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni matokeo ya historia moja. Hata hivyo, ngazi haikuvunjika. Wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, dola ya Tanzania iliyoukataa ubepari iliwahamisha wakulima kwa nguvu kwa jina la maendeleo, kana kwamba mkulima asiyehama ni mtu aliyebaki nyuma.

Fikra ya ustaarabu, basi, haikuwa zawadi ya ubepari kwa ulimwengu, bali ilikuwa hesabu iliyowaondoa wabebaji kwenye orodha ya waliojenga utajiri, kisha ikawadai kodi kama wanafunzi. Watawala wa leo wanapomwita mchuuzi wa barabarani kikwazo cha mji wa kisasa, huku mji huohuo ukila kutoka mikononi mwake, wanaendeleza hesabu ileile, na itasahihishwa tu pale kazi yake itakapoandikwa katika safu ya wanaoujenga mji badala ya safu ya wanaouchafua.