Mizani ya Mtihani na Amana ya Watoto Wetu

(Mawaidha kwa wazazi na walezi, yaliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Ijumaa)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote, Aliyeamrisha uadilifu na Akaharamisha dhulma. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad:



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi hutujia na swali moja: "Ustadh, mtoto wetu amefeli, au amedhulumiwa?" Wako wanaouliza kwa uchungu tu, na wako wanaouliza wakiwa na hoja mkononi. Si haki kuwajibu wote kwa neno moja, "Subirini, ndiyo qadar ya Allah." Kuiamini qadar ni nguzo ya imani yetu, lakini kosa la karani si sababu ya kuinyamazia haki ya mtoto. Na si haki vilevile kumwambia kila mzazi kwamba mwanawe ameonewa. Leo tutazipambanua kasoro za mtihani, kila moja kwa hukumu yake, kisha tutazame ni lipi linalotuwajibikia sisi.

Maana ya mtihani

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu. Wanalugha wameeleza kwamba katika maana za asili yake ni kuisafisha fedha kwa moto, mpaka takataka zijitenge na fedha halisi ibaki. Basi moto ukiwa mkali upande mmoja na hafifu upande wa pili, mfua fedha hawezi kuilaumu fedha kwa kutosafika. Mtihani nao ni chombo cha kupimia kilichotengenezwa na binadamu. Kukikagua si utovu wa adabu kwa walimu wala kwa serikali. Mizani ya sokoni nayo hukaguliwa, na hapimwi humo ila mchele na sukari.

Kasoro ya kwanza: kosa la hesabu

Mtihani wa KCPE ulianza mwaka 1985, na kwa karibu miaka 40 ndio uliokuwa mlango wa kuingilia shule za sekondari nchini Kenya. Ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watahiniwa 1,406,557. Alama kamili zilikuwa 500. Waliopata 400 na kuendelea walikuwa 8,525 tu. Katika mlango mwembamba kiasi hiki, alama chache zilitosha kumtoa mtoto katika shule aliyoitamani na kumpeleka asikotaka.

Matokeo yalitangazwa tarehe 23 Novemba 2023, na malalamiko hayakuchelewa. Wako wazazi waliopokea kwenye simu alama za Lugha ya Ishara, somo ambalo watoto wao hawakulifanya, mahali pa alama za Kiswahili. Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) lilieleza kwamba hitilafu ilitokea katika huduma ya ujumbe mfupi, na malalamiko yakaelekezwa yapelekwe kupitia shuleni, ndani ya siku 30.

Tuwe waadilifu katika hili. Katika kazi yenye watahiniwa zaidi ya milioni moja, kosa ni jambo linalowezekana, na kuweka njia ya kulirekebisha ni jambo jema. Lakini tuitazame njia yenyewe. Wanafunzi walitakiwa kuripoti Kidato cha Kwanza Januari 2024. Muda ulikuwa mfupi. Mzazi anayejua kuandika barua, aliyezoea kuingia ofisini na kuuliza bila kutetemeka, siku 30 zinamtosha na kubaki. Je, baba aliye baharini akivua? Je, mama anayeamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza? Je, bibi asiyejua kusoma, anayelea wajukuu mayatima, naye husomewa ujumbe wa simu na mtoto wa jirani? Hawa huweza kuupokea ujumbe wa makosa, wakauamini, wakamkemea mtoto asiye na hatia, na muda ukapita.

Hapa ndipo ilipo nukta ya mazungumzo yetu, ndugu zangu: kosa huweza kumpata yeyote, lakini marekebisho humfikia anayejua kudai. Haki isiyofika ila kwa wajuzi wa ofisi bado haijawa haki.

Kasoro ya pili: khiyana

Kosa ni jambo moja, na khiyana ni jambo jingine. Katika KCPE ya mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 2,709 yalifutwa kwa udanganyifu, na mwezi Machi 2016 serikali ikaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Tunaposikia habari kama hizi tunawanyooshea vidole maafisa na walimu. Tujiulize basi: karatasi iliyovuja hununuliwa na nani? Mtoto wa miaka 14 hana fedha. Fedha hutoka mfukoni mwa mzazi, na pengine ndiye huyo huyo anayesimama safu ya mbele akiomba dua mwanawe afaulu.

Allah Amewaonya katika Suratul Mutaffifin wale wanaodai kipimo kamili wanapopokea, na wanapowapimia wengine wakapunja. Mzazi anayenunua mtihani, kisha akalalamika kuwa mitihani ya nchi hii haina uadilifu, anaingia katika onyo hilo. Anataka mizani iwe sawa kwa watu wote isipokuwa nyumbani kwake. Na nafasi anayoipata mwanawe kwa njia hiyo ameichukua kwa mtoto wa mwenziwe asiyemjua, naye hatopata fursa ya kumwomba msamaha duniani.

Kasoro ya tatu: njia zisizolingana

Kasoro hii ndiyo nzito zaidi, kwa sababu haionekani katika karatasi ya matokeo. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hatuwalaumu walimu kwa kuyaokoa maisha yao. Lakini KCPE ya mwaka ule, iliyofanywa Machi 2021 kwa sababu ya korona, ilikuwa karatasi ile ile kwa mtoto ambaye mwalimu wake wa hisabati ameondoka na kwa mtoto wa mjini aliyesomeshwa mchana na kuongezewa masomo usiku. Swali lilikuwa sawa. Safari ya kulifikia haikuwa sawa.

Jambo hili lilikwisha kufika mahakamani. Mwaka 2011 serikali iligawa nafasi za shule za kitaifa kwa namna iliyowapa upendeleo wanafunzi wa shule za umma, nao wazazi wa shule za binafsi wakashitaki wakisema watoto wao wameonewa. Mahakama Kuu ilikataa ombi lao. Kila upande ulitaja uadilifu, na hakuna aliyekosa hoja: mtoto wa shule ya binafsi hakutenda kosa kwa kulipiwa karo, na mtoto wa shule ya umma hakutenda kosa kwa kukaa watoto wengi darasa moja. Tunachojifunza ni kwamba kuwapa watu kipimo kimoja hakutoshi, ikiwa wengine wamefika kwenye mizani wakiwa wamenyimwa chakula.

Hali ya sasa

Wako wanaosema KCPE imekwisha na shida zake zimekwisha. Hatukubaliani nao. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika utaratibu wake, mtihani huo huchukua asilimia 60 ya alama, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini zinazofanyika shuleni asilimia 20. Kuna wema ndani yake: mustakabali wa mtoto haukutundikwa wote katika asubuhi chache. Lakini sehemu ya mizani sasa imewekwa mikononi mwa mwalimu wa shule yenyewe. Akiongeza alama kwa urafiki au kwa bahasha, au akajaza bila kumpima mtoto, hakuna atakayejua ila yeye na Mola wake. Enyi walimu mlio katika safu hizi, kalamu hiyo ni amana.

Lililo juu yetu

Kwanza, mzazi asihukumu kabla ya kuthibitisha. Aende shuleni, aichukue karatasi ya matokeo, alinganishe jina, nambari na masomo ya mtoto. Akiona kosa, aandike, abaki na nakala, na asingoje siku ya mwisho. Asieneze tuhuma dhidi ya shule au mtu kwa jambo ambalo hakulihakiki.

Pili, kila msikiti uteue watu wawili au watatu wanaojua taratibu hizi, wanawake na wanaume, wakae hapa siku za matokeo baada ya sala ya Alasiri. Kazi yao iwe kumsomea asiyesoma, kumwandikia asiyeandika, na kumsindikiza kwa mwalimu mkuu anayeogopa kwenda peke yake. Wasimbague jirani asiye Muislamu akija na shida hiyo, kwani Suratul Maida imetufundisha kwamba hata chuki baina ya watu haihalalishi kuacha uadilifu. Sembuse jirani tusiye na ugomvi naye.

Tatu, tusiwavunje watoto. Alama ni kipimo cha siku kadhaa kilichofanywa na watu wenye kukosea. Mtoto aliyekosa nafasi asiitwe mjinga nyumbani kwao wala asifananishwe na binamu yake.

Tunamuomba Allah Awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, Awape wasahihishaji na walimu wao khofu ya Kwake, na Atujaalie tuwe wenye kuisimamisha haki hata juu ya nafsi zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.