Kurejea Nyumbani Kutoka Marekani: Tuhesabu Haki Kabla ya Kukata Tiketi

(Mada iliyotolewa na mwalimu wa madrasa baada ya Swala ya Isha, jijini Dodoma)

  



Mada niliyopewa usiku huu ni hukumu ya Muislamu kuishi katika nchi zisizo za Kiislamu. Naomba mniruhusu niijibu kwa kupitia swali la mtu mmoja. Mtu huyo ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Aliondoka Kondoa akiwa kijana, na leo ni zaidi ya miaka ishirini na mitano yuko Houston, katika jimbo la Texas. Ana umri wa miaka 61. Ramadhani iliyopita alinipigia simu wakati wa daku akaniuliza: "Mpwa wangu, wewe ndiye uliyesoma. Nirudi nyumbani au nibaki? Na nikifia huku, nitakuwa na dhambi?"

Ndugu zangu, majibu ya vitabuni nilikuwa nayo. Nilisoma Khartoum, na masuala haya tuliyapitia darasani kwa Kiarabu, kauli kwa kauli. Lakini nilibaki kimya, kwa sababu iko haki ya mjomba huyu iliyokuwa mikononi mwetu sisi tuliobaki huku. Nitaieleza mbele ya safari.

HIJRA INATUFUNDISHA NINI?

Wako wanaoishika aya ya 97 ya Suratun-Nisaa, inayowalaumu walioweza kuhama wakaacha, wakaitumia kumhukumu kila Muislamu aishiye Ulaya au Marekani kuwa ni mwenye dhambi. Aya ni haki. Lakini wanazuoni walioifafanua wametenganisha hali za watu. Asiyeweza kuisimamisha dini yake mahali alipo, naye ana uwezo wa kuhama, huyo kuhama ni wajibu juu yake. Asiye na uwezo amepewa udhuru na aya inayofuata hapo hapo. Ama anayeswali, anayefunga, anayelea watoto wake katika dini bila kuzuiwa, kuhama si wajibu kwake. Imam al-Maawardi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 450 Hijria, alifika hadi kusema kwamba kubaki kwa mtu kama huyo ni bora, kwa kutarajiwa wengine waingie katika Uislamu kupitia kwake.

Tena tutazame Sira. Maswahaba walihamia Habasha, katika bara hili letu, chini ya mfalme ambaye wakati huo alikuwa Mkristo. Jaafar bin Abii Talib (r.a.) alibaki huko mpaka mwaka wa 7 Hijria, ilhali Madina ilikwishakuwa dola ya Waislamu. Hakuna aliyemwambia kuwa amepoteza umri wake ugenini. Na mwaka wa 8 Hijria Makka ilifunguliwa. Mji aliozaliwa Mtume (s.a.w.) na alioupenda ukawa mkononi mwake. Je, alihamia huko? Hapana. Alirudi Madina, kwa kuwa alikuwa na ahadi na Ansari, akafariki na kuzikwa huko.

Basi mazingatio ni haya: nyumbani pa muumini si lazima pawe pale kilipozikwa kitovu chake. Ni pale zilipo haki anazodaiwa na Mola wake na waja Wake. Swali la mjomba haliishii kwenye Marekani au Tanzania. Lililo kubwa zaidi ni hili: ni nani wanaonidai, na wako wapi?

HAKI ZA KUHESABU

Kwanza ni haki ya mzazi. Bibi yangu yuko Kondoa, amepita miaka themanini. Kila Idi huuliza: "Anakuja lini?" Pesa anatumiwa, na Mwenyezi Mungu amlipe mjomba kwa hilo. Lakini pesa haimshiki mzee mkono kumpeleka kutawadha. Nilimwambia mjomba: nyumba inaweza kungoja miaka mitano, mama hawezi kungoja.

Pili ni haki ya mke na watoto. Mke wake amezaa na kulea huko. Watoto wake wawili wameoa na wana watoto wao. Mume kuamua peke yake kisha akaita jambo hilo hijra ni dhulma. Hadithi ya nia, ambayo Imam Bukhari amekifungulia kitabu chake, inatukumbusha kwamba mtu anaweza kuhama kwa miguu na moyo wake ukawa umehamia kitu kingine: sifa za mtaani, nyumba ya ghorofa, au mke wa pili aliyefichwa. Asemaye narudi kwa ajili ya dini, na ajihesabu kabla hajahesabiwa.

Tatu ni haki ya mwili na ya mali. Hapa maneno ya kijiweni hayatoshi. Mmarekani aliyechangia Hifadhi ya Jamii ya kule kwa muda unaotakiwa, ambao kwa kawaida ni miaka kumi ya kazi, anaweza kuanza kulipwa akifika miaka 62, ila kwa kiwango kilichopunguzwa. Kwa waliozaliwa mwaka 1960 na kuendelea, malipo kamili huanza miaka 67. Ama bima ya wazee iitwayo Medicare, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Mwenye figo mbovu au moyo mgonjwa asifunge mizigo kabla hajajua atatibiwa wapi na kwa fedha gani. Hapa Dodoma tunashukuru, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, lakini matibabu yana gharama. Vile vile raia wa Marekani hudaiwa kutoa taarifa ya kodi popote aishipo. Na aliye na kadi ya ukaazi wa kudumu tu, hiyo iitwayo grini kadi, akikaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali alichokiomba kabla ya kuondoka, aweza kuhesabiwa kuwa ameiacha.

Nne ni sheria ya nchi yetu. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine huupoteza wa Tanzania. Mjomba alichukua. Basi mtoto wa Kondoa akishuka uwanja wa ndege anapanga foleni ya wageni. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mwaka 2024 Serikali ilipeleka Bungeni marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi maalumu. Hadhi hiyo si uraia. Mwenye haja na aende Idara ya Uhamiaji aulize masharti yake, wala asimtegemee dalali.

WASIJE KUTAFUTA MJI WALIOUACHA

Anayerudi ajue pia kwamba mji aliouacha haupo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya mwaka 2022 ikawakuta 765,179. Lami ya Dodoma hadi Babati, inayopita Kondoa, ilizinduliwa mwaka 2018. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Haya ni mazuri. Lakini bei ya kiwanja imepanda, na nchi yetu ni kame kama ilivyokuwa: mvua ni za msimu mmoja, na jiji zima linategemea sana visima vya Mzakwe. Anayekumbuka Dodoma ya ujana wake atakuta jirani asiyemjua.

Tuchukue funzo kwa ndugu zetu wenye asili ya Oman waliokuwa Zanzibar. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi walihama, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 wengi walikwenda Oman, nchi ya mababu zao. Walifika kwao, nao wakaitwa Wazanzibari kwa sababu ya Kiswahili chao. Walijenga maisha na walifaulu, lakini hawakuacha kuonekana kuwa ni watu waliotoka kwingine. Hayo hayo humfika arudiye Kondoa: huko aliitwa Mwafrika, huku ataitwa Mmarekani. Avumilie.

NA SISI TULIOBAKI JE?

Sasa nafika kwenye ile haki niliyoiahidi. Mjomba, kabla hajachukua uraia wa kule, alituma fedha za kununua kiwanja hapa mjini na kuanza msingi wa nyumba. Kiwanja kilinunuliwa na kuandikwa jina la baba yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hati ilikuwa ya zile za CDA, za miaka 33, na CDA ilipovunjwa mwaka 2017 ikatangazwa kuwa umiliki utakuwa wa miaka 99. Ama fedha za msingi, sehemu ilikwenda kwenye harusi ya dada yangu, na sehemu ilikwenda kwenye tiketi yangu ya Khartoum. Elimu hii ninayokusomesheni, ndugu zangu, imeanzia kwenye amana iliyoliwa. Mjomba alikuwa anatumiwa picha za msingi wa nyumba ya mtu mwingine.

Baba alipofariki, baadhi yetu walisema: jina ni la baba, basi ni mirathi yetu. Mbele ya macho ya watu maneno hayo yana uzito. Mbele ya Mwenyezi Mungu, wallahi si mirathi yetu hata hatua moja. Tulikuwa tunamsubiri mjomba arudi, na wakati huo huo tunaomba asirudi.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Baqara, aya ya 282, kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, nayo ni aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Sisi tukasema: ndugu hawaandikiani. Wangapi katika safu hizi wana kiwanja cha ndugu yao aliyeko Marekani, Uingereza au Muscat? Tunamlaumu kwamba ameitupa nchi, kumbe mlango tumeufunga sisi kwa ndani.

JIBU NILILOMPA

Mwisho nilimpigia mjomba. Kwanza nilimweleza habari ya fedha na kiwanja, nikaomba radhi. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Nilikuwa najua tangu mwaka wa pili. Nilitaka niambiwe na mmoja wenu." Tumeandika sasa, mashahidi wametia saini, na wakili anatuongoza katika njia inayokubaliwa na sheria. Fedha zilizoliwa tunazirejesha kidogo kidogo.

Kisha nikamjibu maswali yake. Kufia Houston si dhambi kwa anayeisimamisha dini yake, na wanazuoni wengi hupendelea maiti azikwe pale alipofia, pasi na kucheleweshwa kwa safari. Kwa hiyo, mjomba, usirudi kwa ajili ya kaburi. Ukirudi, rudi ungali na nguvu za kumbeba mama yako na kuufaa msikiti wako. Ukibaki, baki ukiwa umeandika wasia wako, kwa sababu mahakama za huko hazitagawa mirathi kwa mujibu wa Suratun-Nisaa usipoandika. Swali istikhara na ushauriane na mkeo. Na istikhara si ndoto, wala si kufunguliwa kitabu na mganga: ni rakaa mbili na dua, kisha mtu anaendelea na jambo lake kwa kumtegemea Mola.

Ameamua kuja kwanza kwa miezi mitatu, yeye na mkewe, wakae Kondoa kwa bibi. Baada ya hapo wataamua pamoja. Bibi ameshaambiwa. Juzi nilimkuta ameanika mkeka uani, akasema ni wa mwanawe.

Ndugu Waislamu, kila mwenye amana ya aliyeko mbali, na airejeshe kabla mwenyewe hajafika. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi.