Mstari wa Mwisho wa Hukumu: Nani Alipe Gharama za Rufaa?



Kanuni mnaijua: gharama humfuata mshindi, na mahakama ina hiari. Kilichonisimamisha leo ni hoja inayozidi kupata wafuasi, kwamba rufaa za ndugu na majirani, za shamba na mirathi, zimalizwe daima kwa maneno "kila upande ubebe gharama zake," ili undugu usivunjike.

Huruma hiyo ni kwa nani? Aliyeshinda amekwisha kulipa: wakili, kumbukumbu za rufaa, nauli, siku alizoacha kulima. Akiambiwa abebe zake, mwenye haki ndiye ametozwa. Na ndugu mwenye fedha akishalijua hilo, atakata rufaa kila anaposhindwa, maana mwenzake ataishiwa kwanza. Undugu gani umeponywa hapo?

Shangazi yangu alishinda shauri la shamba. Mpinzani akakata rufaa, shangazi akashinda tena. Ng'ombe wawili waliuzwa njiani. Nilipomsomea hukumu, alinishika mkono kwenye mstari wa mwisho: kila upande ubebe gharama zake. "Hapo hawakusema kwa nini?" Nikarudia kurasa zote. Hawakusema.

Alikuwa ameuliza swali la sheria. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33, kifungu cha 30 katika toleo la 2019, inaiachia mahakama hiari. Lakini ikiamua gharama zisifuate matokeo, lazima iandike sababu.

Wapinzani wangu hutaja shauri la familia ya Rai, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya mwaka 2014. Ni kweli, kila upande ulibeba zake. Lakini mahakama ile ilieleza kwa kirefu, na ikasisitiza kwamba gharama ni fidia kwa aliyeshinda, si adhabu kwa aliyeshindwa. Undugu ulipimwa pamoja na mengine. Kuutaja tu hakukutosha.

Uamuzi ninaourudia kila mwaka darasani ni wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, Premchand Raichand Ltd dhidi ya Quarry Services of East Africa Ltd, wa 1972. Ulihusu ukadiriaji wa kiasi, lakini hekima yake ni pana. Gharama zisipande hadi mahakama zikawa za matajiri peke yao. Mshindi arudishiwe kwa haki alicholazimika kutumia. Malipo yavutie vijana kuingia uwakili. Viwango vifanane kadiri iwezekanavyo. Tazameni mpangilio: maskini anayeogopa kushtaki na maskini aliyeshinda wote wamo, na hakuna anayetolewa kafara kwa ajili ya mwingine. Wanaotaka kanuni moja kwa rufaa zote za ndugu wanamkumbuka wa kwanza, wanamsahau wa pili.

Nakubali yapo mashauri ya kupunguza gharama. Rufaa ikikubaliwa nusu, gharama zigawanywe. Ikimalizwa kwa hoja iliyoibuliwa na mahakama yenyewe, asitozwe mtu. Mahakama yetu ya Rufani hufanya hivyo mara nyingi, na husema kwamba hiyo ndiyo sababu.

Waheshimiwa majaji, hiari yenu siigusi. Naomba sentensi moja baada ya amri ya gharama, inayoanza na "kwa sababu." Aliyeuza ng'ombe kuja mbele yenu anaistahili, hata kama itamwumiza.