Ushindi wa Kuazima



Mmeniomba nizungumze juu ya kandanda, kwa kuwa wengi mnanikumbuka nikifundisha vijana hapa Susuni, kwenye uwanja ambao kila jioni tulianza kwa kuwaomba wachungaji waondoe ng'ombe. Sitahesabu vikombe. Nitaeleza kimoja tu, ambacho sina raha nacho.

Mwaka mmoja timu yetu ilifika fainali ya michezo ya shule. Beki wetu wa kushoto alikuwa kijana mpole, hana kasi sana, lakini hakukosa mazoezi hata siku moja. Usiku wa kuamkia fainali nililetewa kijana mwingine, fundi wa mpira, aliyekwisha maliza shule kitambo. Mtu wa namna hiyo sisi humwita mamluki. Nilimvalisha jezi namba 3, akacheza kwa jina la beki wetu. Tukashinda 2–0, nami nikabebwa mabegani.

Jioni nilimkuta beki wangu akifua jezi za wenzake. Akaniuliza, "Mwalimu, leo nimecheza vizuri?"

Sikuwa na jibu. Kwenye karatasi ya refa jina lake lilikuwa limecheza, na mwenyewe alikuwa amekaa chini ya mti.

Muhula uliofuata mazoezini walikuja nusu. Kwa nini kijana ajitume, ikiwa siku yenyewe ikifika nafasi yake hupewa mgeni? Hapo ndipo nilipofahamu kwamba uungwana michezoni si pambo. Ndio unaoifunga timu pamoja.

Chukueni mfano wa Taifa Stars ya 1979. Wengi husema Peter Tino ndiye aliyetupeleka Lagos. Ni kweli, bao lake kule Ndola lilileta sare ya 1–1 na Zambia. Lakini sare ile ilitosha kwa sababu Dar es Salaam tulikwisha shinda 1–0, na kwa sababu nyuma walikuwapo akina Leodegar Tenga wakizuia. Katika fainali za 1980 tulifungwa na Nigeria, tukafungwa na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, tukarudi nyumbani. Hata hivyo, mpaka leo wachezaji wale twawataja kwa heshima, maana kila mmoja alicheza kwa jina lake.

Nami nilimwomba radhi kijana yule mbele ya wenzake. Mwaka uliofuata tulicheza na vijana wetu wenyewe, tukatolewa nusu fainali kwa bao 1–0. Walilia sana. Lakini kesho yake jioni walifika mazoezini wote, hata waliokuwa wamesusa.

Ndugu zangu, wengi wenu sasa mnachangia mipira na jezi za shule. Jambo hilo ni jema. Ila mwalimu akiwaletea kikombe, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: waliocheza ni akina nani?

Beki yule yumo humu ukumbini leo. Jina lake silitaji. Niliwahi kulitumia bila ruhusa. Safari hii namwachia mwenyewe.