WAKUTUBI HAWAKUFUNGA MPAKA
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapo Kwihara miezi kadhaa akingoja wapagazi kutoka pwani. Mkutubi wa bara naye hungoja hivyo hivyo: angoja vitabu, angoja na mwenzake wa kupeana naye shauri.

Ndiyo maana mwaka 1956 kikaundwa Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki, cha Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu 1963 Makerere ikawafundisha wakutubi wa nchi zote tatu. Mwaka 1972 chama kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Lakini 1974 wakakutana tena Dar es Salaam, safari hii pamoja na ndugu wa kati na kusini mwa Afrika, 1976 Lusaka, 1978 Nairobi. Nairobi, ndugu zangu! Jumuiya ilikwisha kufa 1977, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa. Mikutano hiyo imeendelea hadi zama zetu.

Sisi wa serikalini, bajeti ikipungua, safari ya mkutubi ndiyo tunayoikata kwanza. Sioni haki. Naomba kikao hiki kimpeleke mkutubi wa shule yetu kwenye mkutano ujao wa chama chake. Nusu ya nauli natoa mimi.