Jina la Mtu si Bidhaa



Nchini Kenya, mwombaji kazi huchukuliwa alama za vidole na polisi, kisha hupewa yeye mwenyewe cheti cha tabia njema. Nchini Marekani, makampuni ya watu binafsi hukusanya kumbukumbu za mahakama na kuwauzia waajiri. Sheria ya huko ya mwaka 1970 huyataka makampuni hayo yahakikishe usahihi wa taarifa zao. Hata hivyo wapo walionyimwa kazi kwa makosa ya wengine, kwa kufanana majina tu.

Kwetu hatari hiyo ingezidi. Hapa Nyanza-Lac akina Nduwimana na Niyonzima ni wengi, wala si ndugu. Kwa desturi jina la Kirundi si la ukoo. Je, kijana asiye na hatia akose kazi bandarini Rumonge kwa kosa la somo wake? Na aliyekwisha kutumikia kifungo, ahukumiwe tena na mfanyabiashara?

Mwajiri ana haki ya kujilinda. Lakini kumbukumbu za jinai ni dhamana ya Serikali. Apewe mhusika mwenyewe, ajue yaliyoandikwa, na kosa lisahihishwe. Wahenga walinena: jina jema hung'ara gizani.