Andika Mpango wa Nyumba Yako Kabla ya Msimu Mbaya

Hii ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa mashamba ya majani chai. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

   

Nimeombwa niseme kuhusu kujiandaa kwa nyakati ngumu. Mimi si mchumi. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwafikishia wakazi habari za kaunti. Kazi hiyo hunifanya nisikie maswali ambayo watu huuliza shida ikishafika. Nilipe nini kwanza? Hati ya shamba iko wapi? Nimpigie nani? Ni maswali mazuri, ila huulizwa wakati ambapo kichwa kimejaa hofu. Ninaloomba leo ni moja: kila nyumba iketi, iyajibu maswali hayo sasa, na majibu yaandikwe kwenye karatasi moja.

Shida zetu tunazijua

Hakuna haja ya kubahatisha kuhusu shida zinazoweza kutupata. Nyingi zimewahi kufika hapa.

Septemba 2011, ugonjwa hatari wa mahindi uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya hapa kwetu, upande wa Longisa katika Bomet. Virusi viwili vilikutana katika mmea mmoja, majani yakakauka kuanzia katikati, na shamba zima likabaki bila magunzi ya maana. Wataalamu walishauri watu waache kupanda mahindi juu ya mahindi na wageukie mimea mingine kwa msimu. Aliyetegemea mahindi peke yake alipata hasara mara mbili: hakuvuna, na ilimbidi anunue.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya chai walikimbia nyumba zao. Makubaliano ya amani yalitiwa sahihi Februari 28, 2008. Hiyo ni miezi miwili. Nyumba ngapi hapa zingeweza kuishi miezi miwili bila kwenda sokoni?

Machi 2020 korona ilifunga shule na kukata safari. Na mwaka wa 2025 wakulima wengi wa upande huu wa Bonde la Ufa walipokea bonasi ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia, wengine wakatoka barabarani kuandamana.

Hapo kwenye bonasi naomba tukae kidogo. Chai yetu huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa dola. Januari 2024, dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu shilingi 129. Chukua kilo moja ya chai iliyosagwa, iuze kwa dola 2. Kwa bei ya kwanza unapata Sh320. Kwa bei ya pili unapata Sh258. Chai ni ile ile, mchumaji ni yule yule, na Sh62 zimetoweka. Ongeza vita vilivyoanza Sudan Aprili 2023, na hatua ya nchi hiyo ya kupiga marufuku bidhaa za Kenya Machi 2025, ilhali Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa. Mkulima anaweza kuchuma majani mawili na chipukizi bila dosari mwaka mzima, na bado malipo yakashuka kwa sababu ya mambo yaliyotokea mbali naye.

Serikali ya kaunti haiwezi kupanga bei ya mnada. Hata pale penye janga, sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini malipo yake kwa mwaka yamewekewa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Nawaambia haya waziwazi ili asiwepo atakayekaa kungoja lori la msaada huku akiwa na nafasi ya kujipanga.

Karatasi yenyewe

Mpango wa nyumba una sehemu nne. Ukizidi ukurasa mmoja, hakuna atakayeusoma.

Sehemu ya kwanza ni hatari tatu. Zisiwe kumi. Mkulima wa chai anaweza kuandika: bonasi kushuka, mvua ya mawe kuharibu chai, mtu wa nyumba kuugua. Mfanyakazi wa shamba kubwa anaweza kuandika: kupoteza kazi, kupoteza nyumba, vurugu wakati wa uchaguzi. Kila nyumba inajua zake.

Sehemu ya pili ni uamuzi. Kwa kila hatari, andika sentensi inayoanza na "ikiwa" na kuendelea na "basi". Nitatoa mifano.

Ikiwa bonasi itakuwa chini ya nusu ya ile ya mwaka jana, basi hatuchukui mkopo mpya. Karo na chakula vinatangulia, na ujenzi unangoja.

Ikiwa mahindi yataingiliwa na ugonjwa, basi msimu unaofuata tunapanda viazi na maharagwe kwenye kipande hicho.

Ikiwa barabara zitafungwa, basi hakuna anayesafiri usiku; nyanya anahamia kwetu, na mtoto aliye bwenini anabaki shuleni mpaka tuzungumze na mwalimu mkuu.

Ikiwa itabidi kuuza mifugo, basi kuku wanatangulia, kisha kondoo, kisha ndama dume. Ng'ombe anayekamuliwa haguswi mpaka nyumba yote ikubaliane, na shamba haliuzwi kabisa.

Kwa nini tuandike mapema? Kwa sababu shida ikifika, kila mtu hupeleka ng'ombe sokoni siku ile ile, na bei huanguka. Mwenye mpango huuza kidogo mapema, au hana haja ya kuuza. Asiye na mpango huuza kile cha kwanza atakachoulizwa na mnunuzi.

Sehemu ya tatu ni akiba: chakula, pesa na stakabadhi.

Tuanze na chakula. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akila nusu kilo ya mahindi kwa siku, inatumia kilo 3. Gunia la kilo 90 ni siku 30. Sasa unajua hesabu: magunia mawili ni miezi miwili. Lakini mahindi mabichi ghalani ni sumu, kwa kuwa ukungu huingia. Kabla ya kuyahifadhi, tia chumvi kavu na mahindi machache ndani ya chupa kavu, funika, tikisa, kisha iache chupa itulie kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Yarudishe juani.

Pesa nazo zina msimu wake. Bonasi huja karibu na Oktoba. Desemba ni sherehe. Januari ni karo. Kuanzia Januari hadi Machi jua ni kali, na majani chai yanapungua, kwa hivyo malipo ya mwezi nayo yanapungua. Karo na kiangazi hukutana mlangoni. Basi piga hesabu mapema. Tuseme nyumba yako hutumia Sh12,000 kwa mwezi kwa chakula, mafuta, sabuni na nauli. Miezi mitatu ni Sh36,000. Siku bonasi inapoingia, toa kiasi hicho kwanza, kabla ya kulipia kitu kingine. Ukishindwa na miezi mitatu, anza na mmoja. Mwenye mwezi mmoja ana siku 30 za kufikiri, na hiyo si haba.

Usiweke akiba hiyo mahali pamoja. Sehemu iwe kwenye simu au mkononi kwa mambo ya haraka, na sehemu iwe kwenye sako. Kabla ya kuweka pesa, uliza kama sako hiyo ina leseni ya SASRA. Anayekuahidi faida kubwa kwa muda mfupi hana jibu la swali hilo, na mara nyingi hukasirika ukiuliza.

Kuhusu matibabu, tangu Oktoba 2024 bima yetu ni SHA. Kujisajili ni kwa *147#, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hulipa kwa mwaka, kwa hivyo kiasi hicho kiingie katika mgao wa bonasi. Mgonjwa mmoja bila bima anaweza kumaliza akiba yote niliyotaja.

Stakabadhi ni kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba, nambari ya mkulima ya kiwandani, kadi za hospitali na vyeti vya shule. Zitie kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji. Zipige picha. Na wazee wangu, naomba radhi kwa hili: mke ajue hati iko wapi. Mtoto mmoja mkubwa naye ajue. Baba akilazwa hospitalini, nyumba isianze kuvunja masanduku.

Sehemu ya nne ni watu. Nani atamchukua mtoto shuleni? Nani atambeba mgonjwa? Bodaboda gani anaaminika usiku? Tutakutana wapi tukitawanyika? Andika nambari tano za simu kwa mkono, kwa sababu simu huzima chaji. Ongeza 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Kwa mnaokaa katika nyumba za kampuni

Nina neno kwenu peke yenu. Mkulima akikosa bonasi bado analala kwake. Kwenu, siku ya kupoteza kazi inaweza kuwa ndiyo siku ya kuanza kutafuta nyumba. Mashine za kuchuma zipo, na hasira iliyozizunguka Mei 2023 tuliiona sote. Zijadiliwe na chama cha wafanyakazi na waajiri. Nyumba yako nayo inahitaji jibu lake.

Sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayepunguzwa kazini apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Aliyefanya kazi miaka 12 ana siku 180, yaani kama miezi sita ya mshahara. Wa kibarua cha msimu asihesabu malipo haya kabla ya kuuliza mkataba wake unasemaje. Basi andika: ikiwa nitapewa notisi, tutahamia wapi? Zungumza na ndugu zako sasa, ukiwa unawatembelea na sukari mkononi. Mgeni anayekuja na mizigo na watoto usiku hupokewa kwa shida hata na nduguye. Na malipo hayo yakija, miezi ya kwanza yalipe kodi na chakula kabla hujanunua pikipiki ya biashara.

Habari ni sehemu ya mpango

Hapa naingia katika fani yangu. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Katika msimu kama huo uvumi hufika kabla ya gari la polisi. Mtu anatuma ujumbe kwamba kijiji fulani kimevamiwa, na vijana wanatoka na fimbo kwenda kulipiza jambo ambalo halijatokea. Andikeni katika karatasi yenu mtaamini nani: chifu, mzee wa kijiji, redio mnayoijua. Kabla ya kusambaza ujumbe, uliza mambo matatu. Nani aliona kwa macho yake? Wapi hasa? Lini? Ujumbe usio na majibu hayo uishie kwenye simu yako.

Na jirani yako, wa kabila lolote, awe kwenye orodha yako ya nambari tano. Mlinde naye atakulinda. Hilo halihitaji bajeti ya kaunti.

Leo jioni

Sitaki mwende nyumbani na mzigo mkubwa. Leo jioni, baada ya chakula, zimeni redio. Tafuteni kalamu na ukurasa wa daftari la mtoto. Andikeni hatari tatu, sentensi tatu za "ikiwa", mahali hati ilipo, na nambari tano. Watoto wakubwa wawepo, kwa sababu wao ndio watakaotumwa. Karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, ila mahali hati ilipo pasemwe kwa mdomo tu. Isomeni upya kila Oktoba, siku ambayo bonasi imeingia na kabla haijaanza kutoka.

Inawezekana mwaka ukawa mzuri, mvua ikanyesha vyema na mnada ukapanda. Basi mtakuwa na mahindi ghalani, akiba kwenye sako na hati mnayoijua ilipo. Hakuna aliyewahi kujuta kwa kuwa na hayo.